Sina Mengi ya Kusema

Sina mengi ya kusema. Itifaki imezingatiwa. Waheshimiwa mlioketi mbele, na nyinyi wa nyuma mlioketi kwa adabu kuliko hata wa mbele, nitasema machache tu kuhusu hoteli hii, kisha nitawaacha muendelee kukaa, kazi ambayo naona mnaiweza.

Hoteli hii ni kongwe. Wenyewe wanalipenda neno hilo na wameliandika kila mahali, hata chini ya vikombe. Kongwe maana yake ni kwamba mabomba yanalia ukiyafungua, kwamba lifti ni kizimba cha chuma kinachokupandisha kwa heshima na kukushusha kikitaka, na kwamba kitanda kiko juu mno hata umewekewa kigoda cha kupandia, kana kwamba usingizi ni mnyama. Jengo lilijengwa na watu ambao hawakutaka tuingie. Mwanzo liliitwa kwa jina la mfalme wao. Mfalme alipokufa likaitwa kwa jina la binti yake. Walipoondoka likaitwa Uhuru, nasi tukaingia, baadhi yetu kwa mlango wa mbele na waliobaki kwa mlango waliouzoea. Baadaye Uhuru ikauzwa, na jengo likapewa jina la kampuni ambalo huwezi kulitamka bila kumrushia mate uliyenaye. Kila jina lilibadilishwa pale langoni kwa utepe na mkasi na picha ya pamoja. Lakini taulo bado zina jina la mfalme. Ukitoka kuoga unajifuta kwa mfalme, kwanza uso, kisha kwingine. Nimeliwaza jambo hili kwa kina, nikiwa nimelowa, na nimeona kwamba historia yetu yote inaweza kuandikwa kwenye taulo moja: walibadilisha kibao, wakasahau kabati.

Sisi tulikuwa watu wa harusi. Dada yangu Siwema alikuwa anaolewa na Kibwana, fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye hata bomba lililoziba huliomba radhi kabla ya kulipiga nyundo. Alikuwa ametengeneza jokofu kubwa la hoteli, nao wakamtunuku ukumbi kwa siku moja. Alikuja Bibi Mize, mama yake marehemu baba yetu, aliyeapa kwamba hafi mpaka asikie ndoa hii imefungwa, na ambaye tangu aape alikuwa akituangalia kama watu wanaomchelewesha safari. Alikuja ami yetu Makame, ambaye kwa kuwa baba hayupo ndiye walii wa Siwema, na ambaye alipoliona kochi la mapokezi alilala. Alikuja shehe. Walikuja wanawake wa mtaani kwetu na sufuria za pilau, kwa sababu hawakuamini kwamba watu wanaokunja vitambaa vya mezani viwe kama bata wanajua kupika. Na mimi, Machano, niliyekuwa nimesimamishwa shule ya bweni kwa muda, adhabu iliyoangukia vizuri sana kwenye siku za harusi.

Meneja alitupokea chini ya taa kubwa ya vioo. Ni mtu mwembamba, mwenye suti nyeusi na sauti kama karatasi inayokunjuliwa. Hakuuliza majina yetu. Aliuliza mgeni wetu rasmi ni nani. Tulitazamana. Kibwana alisema kwa upole kwamba wageni wapo, wengi tu, wengine bado wako nje wanatafuta pa kuvulia viatu. Meneja alifumba macho kama mtu aliyesikia tusi la kitoto. Alieleza kwamba wageni ni kitu kimoja na mgeni rasmi ni kitu kingine. Kwamba katika ukumbi wa hoteli hii hakijapata kuanza chochote, si mkutano, si mahafali, si chakula, kabla mgeni rasmi hajakifungua. Na kwamba tusiwe na wasiwasi, kwa kuwa hoteli ina wake. Yuko njiani.

"Anakuja kufungua nini?" Bibi Mize aliuliza.

"Harusi, mama."

"Kwani imetiwa kufuli?"

Meneja alicheka kwa pua tu, akatuonyesha ukumbi.

Ukumbi huu, waheshimiwa, mnaujua kuliko mimi. Mapazia mazito kama mablanketi ya hospitali. Meza kuu juu ya jukwaa, na nyuma yake kiti kimoja chekundu chenye mikono iliyochongwa makucha ya simba. Chini, viti vingine vyote, kila kimoja kimevalishwa kitambaa cheupe na kufungwa utepe kiunoni, safu kwa safu, kama mabibi harusi wa mtu mmoja tajiri na asiye na akili. Ukutani ilikuwapo saa isiyotembea. Meneja alisema haijaharibika, inasubiri. Mgeni rasmi akifika itaanza. Tulikuwa tumeingia hotelini asubuhi, lakini dirishani mwa ukumbi ilikuwa alasiri, na ikaendelea kuwa alasiri, jua limekaa mahali pamoja kama askari aliyepewa zamu.

Tukasubiri.

Mimi nimesoma shule ya bweni, kwa hiyo nimebobea katika elimu mbili: kula haraka na kusubiri. Kila mwaka tulikuwa na siku ya Mgeni Rasmi. Kabla ya hapo tulifyeka majani ambayo hayakumkera mtu mwaka mzima, tukapaka mawe chokaa, tukapaka na mashina ya miti mpaka kimo cha goti, bustani nzima ikawa imevaa soksi. Siku yenyewe tulipangwa juani kwa urefu, wafupi mbele ili wazimie wa kwanza na wasiwazuie wengine kuona. Naye hakuja. Jua likapanda, hakuja. Hapo ndipo nilipoielewa kazi yake. Kufika si kazi. Mbuzi hufika, mafua hufika. Kazi yake ni kutokufika bado. Ukubwa wa mtu ni wingi wa watu wanaopata kizunguzungu kabla hajashuka kwenye gari. Basi nikajiuliza, nikiwa nimeshikilia kichwa cha mwenzangu aliyeanguka: nani anamtengeneza? Yeye peke yake, chumbani kwake, amevaa taulo, ni nani? Hakuna kitu pale. Ni tumbo na miguu miwili. Ni sisi, tuliosimama hapa, tunaomfinyanga kwa jasho letu, na kadiri tunavyosimama ndivyo anavyozidi kuwa mrefu. Tungeketi wote kwa pamoja, angefika akiwa mfupi kama kigoda.

Alipofika alisema hana mengi ya kusema. Akasema mpaka wapishi wakaona wali unaungua, wakatoka jikoni na miko mikononi, wakapiga vigelegele vya kumwambia imetosha, shuka. Yeye alitabasamu. Aliwapungia mkono, akawashukuru akina mama kwa kuguswa na maneno yake, akaanza upya. Tulikula makoko. Nikasema moyoni kwamba mjinga wa aina ile hazaliwi mara mbili.

Sasa turudi ukumbini. Nilichoka kukaa, nikatoka kuzunguka hoteli, na hapo nikaona kwamba hatukuwa peke yetu. Kila ukumbi ulikuwa na watu wake. Katika ukumbi wa pili walikaa wahitimu wa chuo fulani, wamevaa majoho na kofia bapa, na ndevu zao zilikuwa nyeupe. Mmoja alikuwa amemlaza mjukuu wake mapajani na kumfunika kwa joho. Niliwaamkia, wakaniitikia kwa pamoja kama darasa. Katika ukumbi wa tatu kilikuwapo kisima, kisima halisi, kimechimbwa katikati ya marumaru na kufunikwa kwa kitambaa cha buluu chenye utepe. Kandokando walisimama watu na ndoo, midomo imewapasuka. Maji yalisikika chini yakigonga mawe. Nilimwuliza bwana mmoja kwa nini hachoti. Aliniangalia kwa huruma, akaniambia maji hayajazinduliwa.

Sikumcheka pale pale. Nilingoja mpaka nifike ukumbini kwetu, ili nicheke nimekaa.

Lakini Siwema hakuwa na nafasi ya kicheko changu. Aliniita pembeni, akafunua mikono. Asubuhi mikono ile ilikuwa imechorwa maua ya hina, meusi yaliyoiva, kuanzia vidoleni mpaka viwikoni. Sasa maua yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Vidoleni yalishafutika, na kwenye kucha hina ilikuwa imesogea juu, imebaki ukingo mwembamba kama mwezi unaoandama. Alasiri ile isiyotembea ilikuwa inatembea juu ya ngozi yake.

Ninyi waheshimiwa hamuolewi, japo mmevaa, kwa hiyo nitawaeleza. Kwetu bibi harusi hafungi ndoa na hina iliyochujuka. Hurudishwa nyumbani, akawekwa ndani upya, akasingwa upya, akachorwa upya, ndipo aletwe tena. Bibi Mize alikuwa ameshaiona ile mikono. Hakufoka. Alisema tu kwamba kurudi tutarudi, mila ni mila, ila yeye hatakuwapo safari ya pili, pumzi aliyokuja nayo ni ya harusi moja. Alisema hivyo kama mtu anayetaja kwamba khanga yake haitoshi. Kisha akafumba macho, na kwa muda fulani sote tulimtazama kifua kama kinapanda.

"Nataka leo," Siwema aliniambia. "Nataka akiwa anasikia."

Nilimwambia basi shehe aanze, nani atamzuia. Akasema shehe ameshakwenda kumwomba Meneja, Kibwana naye ameshakwenda, na kila aliyekwenda amerudi akisema yuko njiani, tena kwa sauti ile ile ya karatasi. Kibwana alikuwa amekaa karibu na mlango na kanzu yake, amejiinamia, anasikiliza jokofu likinguruma mbali jikoni. Ndicho kitu pekee hotelini kilichokuwa kikifanya kazi, na yeye ndiye aliyekitengeneza.

Ndipo nikamwambia dada yangu habari za kikohozi. Mkuu wetu wa shule alikuwa na kikohozi chake, kifupi, kikavu, kama mtu anayefunga droo. Wakati wa maandalio darasani, kikohozi kile kikisikika nje, watu themanini walinyamaza na kuinamisha vichwa. Nilijifunza kukikohoa. Nilikohoa nyuma ya dirisha, wakainama. Nikakohoa tena siku iliyofuata, wakainama. Mwisho nilikohoa nyuma ya mkuu mwenyewe, naye akanyamaza na kurekebisha tai. Ndiyo sababu niko likizo. Lakini nilichokigundua ni kikubwa kuliko adhabu: hakuna mkubwa, kuna kikohozi. Anayekimiliki kikohozi anamiliki shule.

"Nitakuwa mgeni rasmi wako," nilimwambia.

Siwema aliniangalia kuanzia viatuni. Dada yangu ananijua tangu nikiwa sijaanza kutambaa, na hilo ni tatizo ambalo watu wakubwa hulitatua kwa kuhamia mji mwingine.

"Utaingia, utakaa, utasimama, utasema nimefungua. Basi."

"Basi. Mimi nina nini cha kusema?"

"Hilo hilo usiliseme, Machano. Wote huanza na hilo."

Nikamcheka. Nilimwambia amsomee mwingine, mimi watu hawa nimewasomea juani.

Penye ngazi kuu pana chumba cha kuwekea makoti. Katika mji huu wa joto hakuna aliyewahi kuhitaji koti, kwa hiyo makoti yote yaliyokuwa mle yalikuwa ya wageni rasmi waliopita, ambao huvaa makoti ili watu wajue kwamba joto lao si letu. Nilichukua moja jeusi lenye kola ya mahameli. Lilikuwa zito na lilinuka karafuu, dawa ya nondo na wali wa karamu. Nilidhani litanipwaya. Lilinikaa. Nilipokunja mkono nilihisi ndani yake mikunjo ya mikono mingine, imeshajua pa kujikunja.

Ngazini zilikuwapo picha zao, wakubwa wote waliowahi kufungua kitu katika hoteli hii, ndani ya fremu za dhahabu iliyobabuka. Kwa mbali ni wazee, vitambi, videvu viwili viwili. Nilisogea nikampangusa mmoja vumbi kwa mkono wa koti. Chini ya vumbi alikuwa kijana, ana chunusi. Alikuwa anajizuia kucheka. Nikampangusa wa pili. Na yeye. Ningepaswa kuwaza sana hapo, na kwa kawaida mimi ni mtu wa kuwaza, lakini nilikuwa na haraka ya kuchelewa.

Maana kuchelewa kunataka maandalizi. Nilitokea mlango wa jikoni, nikazunguka jengo, nikaingia kwa mlango wa mbele, nikasimama chini ya taa ya vioo, nikakohoa.

Hoteli nzima ilisimama. Ami Makame aliamka na kusimama kabla hajafungua macho. Wabeba mizigo walijipanga. Lifti ilishuka yenyewe. Meneja alikuja akikimbia bila kuonekana kukimbia, akaniangalia uso, uso ambao asubuhi ile ile alikuwa ameuambia usikanyage zulia kwa ndala. Akauangalia uso, akaliangalia koti, akachagua koti.

"Mheshimiwa," alisema, akainama. "Umechelewa vizuri sana."

Waheshimiwa, nitasema ukweli kwa kuwa nyinyi si watu wa kupeleka maneno. Sentensi ile iliniingia kama chai ya moto. Nilikuwa nimekuja kumcheka, na bado nilimcheka, na bado namdharau, ana roho ya zulia. Lakini nilitamani aiseme tena.

Tuliingia ukumbini. Watu wetu walisimama. Saa ukutani ilitoa mlio wa koo na kuanza kutembea. Niliwaona Kibwana amejishika kifua kwa shukrani, na shehe akikunjua kitabu chake, na wanawake wakiweka mikono kwenye mifuniko ya sufuria. Niliketi kwenye kiti chekundu. Kiti kile kina ulaini wa ajabu. Kinakushika chini na mgongoni kwa wakati mmoja, kama mtu anayekwambia taratibu, mambo mengine yatasubiri. Bibi Mize alikuwa mstari wa mbele. Alinikazia macho yake yenye ukungu, akamwinamia jirani yake, nikamsikia vizuri akisema kwamba mheshimiwa ana masikio ya marehemu mwanawe.

Meneja alinikaribisha kwenye kipaza sauti. Nilisimama. Nilikigonga mara mbili kwa kidole, tu, tu, kama wanavyokigonga wote, japo kila mtu ameshasikia kwamba kinafanya kazi. Siwema alikuwa mbele yangu kabisa. Alinyanyua mikono yake kidogo, maua yale ya chai ya maziwa, akaunda neno kwa midomo bila sauti. Nimefungua. Nililiona. Nililiweka ulimini. Nikakohoa.

"Sina mengi ya kusema," nikasema.

Sikulisema mimi. Lilikuwa kolani. Lilitoka kama upepo unavyotoka kwenye mto ukiukalia, na nyuma yake lilikuwapo jingine, na jingine, yameshikana mikono. Nikasema kwamba harusi ni jambo muhimu. Nikasema ni jambo muhimu sana. Nikasema bila harusi hakuna ndoa, na bila ndoa hakuna familia, na bila familia hakuna taifa, na bila taifa tungekuwa tumekaa wapi leo. Niliwaambia vijana waache uvivu, nikimwangalia Kibwana, aliyeamka kabla ya jua siku zote za maisha yake. Nilimwambia Bibi Mize kwamba enzi zetu sisi mambo hayakuwa hivi. Nililaani watu wasiozingatia muda. Nilikuwa najisikia, na sehemu yangu ndogo, ile iliyokohoa nyuma ya mkuu, ilikuwa inagaagaa kwa kicheko ndani ya koti na kunipiga mbavuni iniambie inatosha, umeshawapata, maliza. Nilitaka kumaliza. Nilikuwa nazunguka nikitafuta mlango wa kutokea katika sentensi, na kila mlango ulifunguka kwenye ukumbi wa sentensi nyingine, na ndani yake watu wamekaa wananisubiri.

Saa ilitembea, sasa kwa pupa, kama mtu aliyefunguliwa jela. Hina ikatoka viwikoni mwa Siwema. Ikatoka viganjani. Nilimwona Kibwana akiota mvi upande mmoja, ule uliokuwa karibu na kipaza sauti. Kichwa cha Bibi Mize kiliinama, kikainama zaidi. Siwema aliangalia kucha zake. Ulikuwa umebaki ukingo, uzi mwembamba mwekundu kwenye ncha ya kidole kimoja, kidole cha shahada. Alimwangalia Bibi. Akaniangalia mimi, kwa muda wa kutosha kunitambua na kuniaga.

Kisha bibi harusi akasimama, jambo ambalo halifanyiki, akatia ulimi juu na kujipigia kigelegele mwenyewe, jambo ambalo halijapata kufanyika.

Kilipasua ukumbi. Bibi Mize aliinua kichwa. Nadhani alikuwa ameshafika mbali, maana aligeuka kama mtu anayeitwa kutoka nyuma. Akaona ni nani aliyepiga, akacheka bila meno, akamwitikia. Wanawake wa sufuria wakadaka, mmoja, wawili, wote, na miko ikapanda juu.

Na mimi, waheshimiwa, mimi niliyeyajua haya, niliyekula makoko kwa ajili ya haya, niliweka mkono kifuani nikainamisha kichwa. Niliwashukuru akina mama. Niliwaambia nimeona kwamba maneno yangu yamewagusa, na kwamba kwa kuwa wameonyesha ari hiyo, nitaongeza kidogo.

Nilipoinua kichwa walikuwa wanatoka. Walitoka na sufuria, na mikeka, na shehe. Kibwana alikuwa amembeba Bibi Mize mgongoni, kanzu ameipandisha. Ami Makame alitoka wa mwisho, akanipungia mkono kwa heshima, kwa kuwa hakujua ni mimi. Hawakwenda mbali. Dirisha lile lilikuwa wazi, na jua hatimaye lilikuwa linashuka. Niliwasikia kwenye ngazi za nje, chini ya kibao chenye jina lisilotamkika: Ami akimshika Kibwana mkono, shehe akisoma, sauti ya Kibwana, ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia ikiwa kubwa, ikisema amekubali. Hakuna aliyefungua kitu. Halafu sauti kavu ya Bibi ikauliza kama ndiyo tayari, naye akaambiwa ndiyo, ndiyo tayari, akasema haya, leteni chakula basi, mnataka nife na njaa? Vigelegele vikapanda tena, vile vingine, vya kweli. Nikiwa hapa juu nilijua tofauti yake mara moja. Ni rahisi sana kuijua ukiwa si wewe unayepigiwa.

Nadhani hata wa kisimani walisikia, maana nyuma ya ukuta ndoo zilianza kugongana.

Siwema alirudi mara moja. Aliingia kwa mlango wa pembeni, miguu mitupu, akiwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Nilikuwa nimefika kwenye umuhimu wa usafi wa mazingira. Alisimama chini ya jukwaa akaniangalia nikisema, kama unavyomwangalia mtu aliyeko dirishani mwa treni.

"Machano. Hujamaliza?"

Nilitaka kumwambia anivue hili koti. Nilimwambia kwamba napenda kumpongeza bibi harusi kwa mahudhurio yake mazuri.

"Haya," alisema. Aliiweka sahani kwenye kiti cha mstari wa mbele, wa tatu kutoka pembeni, akaisogeza ile ya juu kidogo ili mvuke utoke. "Ukimaliza, kula. Sisi tunakwenda. Utatukuta nyumbani."

Alitoka. Mkono wake nilipouona mlangoni haukuwa na hina hata chembe, na haukuonekana kukosa kitu.

Hayo yalikuwa muda fulani uliopita. Saa inaendelea. Meneja amekuja mara kadhaa kupiga makofi peke yake, na jana, au mwaka jana, alikuja na mtu wa picha. Nilijizuia kucheka, na fremu tayari ipo ngazini, imeanza kushika vumbi. Watu wa mahafali nimewafungulia kutoka hapa hapa kwa kipaza sauti, sijui kama kuna aliyebaki kusikia. Nyinyi mmebaki. Nimewahutubia watu wa kila namna, na lazima niseme kwamba sijapata kuona hadhira kama viti. Hamsinzii, hamnong'oni, hamtazami saa. Mmevaa vizuri. Aliyetengeneza ukumbi huu aliwajua mapema watakaobaki.

Ni mmoja tu kati yenu anayenisumbua, yule wa mbele, wa tatu kutoka pembeni, aliyepakata sahani. Harufu ya bizari inafika hadi hapa. Mvuke ulikuwa mwingi, sasa ni uzi. Ninajua maneno yanayotakiwa, kila mtu anayajua, ni matatu tu, "kwa hayo machache", kisha unashuka ngazi mbili na unakula. Niko karibu nayo kabisa. Yako hapa kwenye ncha ya ulimi.

Basi waheshimiwa, nisiwachoshe. Pilau inapoa. Nimalizie kwa jambo moja dogo.